Felix Wankel na Injini Inayogoma Asubuhi

Wenye magari hapa Stockholm wanaijua adha hii. Karibu kila mtaa wa katikati ya jiji una siku yake katika wiki ambapo hairuhusiwi kuegesha, ili barabara isafishwe na wakati wa baridi theluji iondolewe. Basi watu wanashuka na makoti yao, wanawasha gari, wanalisogeza mita ishirini hadi upande wa pili, wanazima, wanarudi ndani. Kwa gari la kawaida hakuna neno. Lakini lifanyie hivyo gari lenye injini ya rota, tuseme Mazda RX-8, halafu urudi kesho asubuhi. Unaweza kuzungusha stata mpaka betri iishe, na gari lisishtuke hata kidogo.

Fundi asiyeijua injini hii atakwambia imekufa, na bei atakayotaja itakunyima usingizi. Kumbe mara nyingi haijafa. Imelowa petroli tu. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tumjue mtu aliyeibuni, Mjerumani Felix Wankel. Maisha yake yana ya kujifunza na yana ya kukataa, na makala hii itasema yote mawili bila kuficha.

Kijana wa duka la vitabu

Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji wa Lahr, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa misitu, akauawa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914. Mama akabaki na mtoto huyo mmoja, na baadaye wakahamia Heidelberg. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1921. Chuo kikuu hakwenda, wala hakupata mafunzo ya ufundi ya kueleweka. Ule ulikuwa wakati ambapo pesa ya Ujerumani ilikuwa inaporomoka kila siku, na familia ya mjane haikuwa na cha kulipia ada.

Akapata kazi ya kuuza vitabu vya kisayansi Heidelberg. Tunaweza kusema chuo chake kilikuwa kwenye rafu zile. Mwaka 1924, pamoja na rafiki zake, alifungua karakana ndogo ya kuchezea vyuma. Tangu ujana wake alikuwa na wazo moja lililomkaa kichwani kama mdudu: injini ambayo hakuna kitu ndani yake kinachopanda na kushuka, kila kitu kinazunguka.

Wazo hilo si la kitoto. Katika injini ya kawaida pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama, maelfu ya mara kwa dakika. Kila kusimama huko ni mtikisiko na ni nguvu inayopotea. Wankel alitaka kuondoa kusimama. Mwaka 1929 alipata hataza yake ya kwanza ya injini ya aina hiyo. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: macho yake yalikuwa mabovu mno, kwa hiyo mtu huyu ambaye jina lake limeandikwa kwenye historia ya magari hakuwahi kuwa na leseni ya udereva maisha yake yote.

Sambusa ndani ya chungu

Kwa wale wasiosoma uhandisi, fikiria sambusa ambayo pande zake tatu zimevimba kidogo. Hiyo ndiyo rota. Iweke ndani ya chungu cha chuma chenye umbo la karanga ya vyumba viwili, kimebonyea katikati. Sambusa inazunguka humo, na ncha zake tatu hazibanduki ukutani hata mara moja. Kati ya kila upande wa sambusa na ukuta kunabaki nafasi, na nafasi hiyo inakua na kupungua kadiri rota inavyozunguka. Ikikua inavuta hewa na petroli, ikipungua inavibana, plagi inawasha, moto unasukuma, kisha moshi unatoka. Kazi ileile ya injini ya kawaida, ila vyumba vitatu vinafanya kazi kwa zamu kuzunguka rota moja.

Uzuri wake ni kwamba injini ni ndogo, nyepesi, inazunguka kwa kasi na haitikisiki. Ugumu wake upo kwenye zile ncha tatu. Kila ncha ina kipande chembamba cha chuma au kaboni kinachosukumwa na springi kigusane na ukuta. Tukiite sili, kama mafundi wanavyosema. Sili ikivuja, hakuna kubana, na pasipo kubana hakuna moto. Na sili hizo zinahitaji utando mwembamba sana wa oili ukutani ili ziteleze na zizibe vizuri. Kumbuka utando huo, maana ndio kiini cha habari yote.

Ukurasa usiorukwa

Sasa tufike pale ambapo waandishi wengi wa magari hupita haraka. Wankel aliingia katika harakati za chama cha Hitler mapema kabisa, akiwa kijana wa miaka ya ishirini, akaongoza vijana wa chama hicho. Baadaye aligombana na mkubwa wa chama wa jimbo lake, Robert Wagner, akamshutumu kwa ufisadi. Manazi walipochukua nchi mwaka 1933, Wagner alimtupa jela kwa miezi kadhaa. Wengine husoma habari hiyo wakadhani alikuwa mpinzani wa utawala ule. Jamani, hapana. Ulikuwa ugomvi wa nyumba moja. Mtu mwingine mkubwa ndani ya chama, Wilhelm Keppler, alimtoa, na mwaka 1936 akapata karakana yake mjini Lindau kwenye Ziwa Konstanz, akawa anatengeneza vali za kuzunguka na sili kwa ajili ya injini za ndege za kivita. Mwaka 1940 alipewa cheo katika SS. Mwaka 1942 akaondolewa humo.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Kwa sababu miaka miwili tu baada ya Wankel, yaani mwaka 1904, alizaliwa Dar es Salaam mtoto aitwaye Mahjub bin Adam, ambaye Ujerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akiwa bado mtoto alitumika katika jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki wakati wa vita, na baadaye akaja Berlin. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, aliigiza filamu, na alifundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen iliyoendeshwa na SS, na akafia humo Novemba 1944. Hatusemi Wankel alihusika na kifo hicho. Tunasema tu kwamba cheo alichopewa kilitoka kwa wenye kambi ile. Kijana mmoja alipewa karakana, mwingine aliyefundisha lugha yetu alipewa kifo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma maisha ya Wankel hawezi kuruka ukurasa huu akabaki na heshima yake.

Vita vilipoisha mwaka 1945, Wafaransa walimfunga, wakaifunga karakana yake na kuchukua vifaa.

Injini inawaka

Mwaka 1951 aliingia mkataba na kampuni ya NSU ya mji wa Neckarsulm, iliyokuwa ikitengeneza pikipiki. Tarehe 1 Februari 1957 injini yake ya kwanza iliwaka na kukimbia yenyewe. Katika injini ile sambusa na chungu vyote vilizunguka. Ilikuwa laini ajabu, lakini kubadilisha plagi tu ilibidi uifungue injini. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, alitengeneza toleo ambalo chungu kimesimama na rota peke yake inazunguka. Wankel hakupenda hata kidogo. Lakini injini zote za rota tulizowahi kuona barabarani zimetokana na toleo la Paschke.

NSU ilitoa gari dogo la Spider, kisha mwaka 1967 ikatoa Ro 80, gari zuri lililopewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1968. Furaha haikudumu. Sili za ncha zilitengenezwa kwa vipande vitatu, na kile cha katikati kililika haraka zaidi kila injini ilipowashwa ikiwa baridi. Kikishalika, vipande viwili vya pembeni vinalegea, na moto unavuja. Injini zikaanza kufa moja baada ya nyingine, hasa za wenye safari fupi za sokoni na kanisani, ambao gari halikupata nafasi ya kupata moto. NSU ilibadilisha injini bure bila kubishana, na gharama hizo ziliiumiza vibaya. Mwaka 1969 kampuni ilimezwa na Volkswagen. Baadaye kipande cha katikati kilitengenezwa kwa madini magumu zaidi na shida ikapungua sana, lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Ro 80 ya mwisho ilitoka mwaka 1977.

Waliofanya iwake kila asubuhi

Mbali na Ujerumani, katika mji wa Hiroshima, kampuni ya Mazda ilikuwa imenunua leseni ya injini hiyo. Mwaka 1963 kazi ilikabidhiwa mhandisi Yamamoto Kenichi na kikosi chake cha wahandisi 47. Walikuta sili zinatetemeka zikikimbia ukutani, zikiacha mikwaruzo iliyopangana ambayo wao waliiita kucha za shetani. Walijaribu vitu vingi sana mpaka wakapata sili ya kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Gari lao la Cosmo likaingia sokoni Mei 1967.

Tatizo lao la pili lilikuwa lile ambalo mafundi wa kwetu wanalisema kwa neno moja: gari halishiki sailensa. Yaani likisimama kwenye taa linatetemeka, linamisi, mara linazima. Sababu ni mahali pa tundu la kuingizia hewa. NSU iliweka tundu hilo kwenye ukuta wa mzunguko, pale ncha za rota zinapopita. Hapo hewa inaingia kwa wingi kwenye kasi kubwa. Lakini kwenye kasi ndogo tundu la kuingiza na la kutolea moshi yanakuwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu, moshi wa zamani unachanganyika na petroli mpya, na chumba kimoja kinawaka, kingine hakiwaki. Mazda ikahamishia tundu la kuingizia ubavuni. Nguvu ya juu ilipungua kidogo, ila gari likatulia.

Kwenye mashindano walirudisha tundu ukutani, maana gari la mbio halisubiri taa. Mwaka 1991 Mazda 787B, namba 55, yenye rota nne na plagi tatu kwa kila rota, ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Lilikuwa gari la kwanza la Kijapani kushinda pale. Si mchezo.

Likigoma ufanyeje

Sasa tuseme kwa vitendo, kwa sababu kuna wenzetu wenye magari haya, na wengine wanasaidia timu za mbio za wanafunzi.

Injini yoyote ya petroli ikiwa baridi inamwagiwa petroli nyingi zaidi. Kwenye injini ya rota, petroli hiyo inaosha ule utando wa oili ukutani. Ukizima kabla haijapata moto, petroli inabaki humo, plagi zinalowa, sili hazizibi. Kesho ukizungusha, stata inakimbia kirahisi kuliko kawaida kwa sababu hakuna kinachobana, na unasikia harufu ya petroli. Hiyo ndiyo dalili. Acha kuzungusha, maana kila ukizungusha unaongeza petroli.

Kwanza zuia petroli. Toa fyuzi ya pampu, au kwenye RX-8 kanyaga mafuta hadi mwisho huku unazungusha stata. Pili, toa plagi, zikaushe au weka mpya, na uzungushe injini kidogo bila plagi ili petroli itoke. Hakikisha umekata umeme wa plagi kwanza, na usifanye hivyo kwenye gereji iliyofungwa, mvuke wa petroli hauna utani. Tatu, tia oili kidogo sana kwenye kila rota kupitia tundu la plagi ili sili zipate kuziba, uzungushe, rudisha plagi, kisha jaribu kuwasha. Itatoa moshi mwingi mwanzoni, usiogope. Nne, angalia betri na stata. Betri kwenye baridi inapoteza nguvu, na injini hii inataka kuzungushwa kwa kasi. Mazda yenyewe ilibadilisha stata ya RX-8 ikaweka yenye kasi zaidi.

Kama inawaka lakini inatetemeka, anza na vya bei nafuu: plagi, koili, nyaya, kisha mipira ya hewa iliyopasuka. Vikiwa vizima vyote, pima mgandamizo kwa kipimo cha injini ya rota, kinachosoma kila chumba peke yake. Hapa ndipo panapotenganisha fundi na mbahatishaji. Vyumba viwili vinavyopakana vikiwa dhaifu, shuku sili ya ncha iliyo kati yao, kwa sababu ncha moja inahudumia vyumba viwili. Chumba kimoja peke yake kikiwa dhaifu, shuku sili ya ubavuni. Vyote vitatu vikiwa chini, injini imechoka. Lakini kama ni injini ya mbio yenye tundu ukutani, usiifungue kwa ajili ya kutetemeka tu. Ndivyo ilivyozaliwa. Panda sailensa juu kidogo, changanya oili kwenye petroli, na pasha moto maji na oili kabla ya kuwasha, kama timu za mbio zinavyofanya.

Na kinga ni rahisi: ukishaiwasha, iache ipate moto kabla ya kuizima. Siku ya kusafisha barabara zunguka mitaa kadhaa, usisogeze tu.

Pesa na mwisho wake

Wankel alitajirika. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilimpa udaktari wa heshima, yeye ambaye hakukaa darasani chuoni hata siku moja. Mwaka 1971 kampuni yake iliuzwa kwa marki milioni 100. Na aliyenunua ni nani? Lonrho, kampuni ya Kiingereza ambayo utajiri wake ulijengwa kwenye migodi na mashamba ya Afrika, iliyomiliki gazeti la The Standard la Nairobi, na ambayo serikali ya Tanzania ilitaifisha mali zake mwaka 1978. Kwa hiyo hata sisi, kwa jasho la wazee wetu, tulichangia bila kuulizwa. Sehemu ya mali yake Wankel aliitumia kuanzisha tuzo ya wanasayansi wanaotafuta njia za kupunguza mateso ya wanyama kwenye maabara. Alifariki Heidelberg tarehe 9 Oktoba 1988, akiwa na umri wa miaka 86, miaka mitatu kabla ya ushindi wa Le Mans.

Mwaka 2023 Mazda ilirudisha rota katika gari la MX-30, lakini kwa kazi nyingine: inazalisha umeme tu, magurudumu yanasukumwa na mota. Kwa hiyo haisumbuliwi na kwenda taratibu kwenye foleni.

Tujifunze nini basi? Wazo lilikuwa la Wankel, na ubishi wa kulishikilia miaka thelathini ulikuwa wake, hilo tumpe. Lakini injini iliyowaka na kutulia ilikuwa kazi ya Paschke, ya Yamamoto na wenzake 47, na ya mafundi wengi wasiotajwa waliokubali kukaa na kasoro mpaka waijue inatoka wapi. Wao hawakuificha kasoro ya mashine, waliipima chumba kwa chumba. Na sisi tusifiche kasoro ya mtu kwa sababu alikuwa na akili. Nyingi za mashine tunazosomea huku zina historia ya namna hii ndani yake. Tusome hesabu zake zote, na tusome pia majina ya waliolipa.